Gugu Linalojificha Ndani ya Ngano

Mkulima wa ngano wa Narok, Nakuru au Uasin Gishu ana adui wengi, lakini yuko mmoja aotaye mbele ya macho yake naye asimtambue. Adui huyo ni nyasi ya bromu, ambayo wataalamu wa mimea huiita Bromus pectinatus. Ni gugu la msimu mmoja: huota pamoja na ngano, hula chakula kile kile cha udongo, huangusha mbegu, kisha hufa.

Yafaa kulijua mapema. Bromu na ngano ni wa jamaa moja, kwa hiyo dawa za kuua magugu ya majani mapana haziliui. Hata baadhi ya dawa za kuua oti mwitu hazilidhuru. Mkulima akikosea jina la gugu, hupoteza fedha zake bure.

Likiwa changa

Ng'oa mche mmoja, utazame mahali jani linapokutana na shina. Jani la ngano lina vipembe viwili vidogo vinavyolikumbatia shina; bromu haina. Kisha ishike ala, yaani sehemu ya chini ya jani inayolivika shina. Ala ya ngano iko wazi upande mmoja, nayo hufunuka kwa urahisi. Ala ya bromu imeungana pande zote kama mrija, na ili kuifungua ni lazima kuichana. Tena ina manyoya mengi, ambayo kidole huyahisi mara moja.

Likitoa masuke

Suke la ngano husimama likiwa limeshikana. La bromu hutawanyika katika vitawi vyembamba vinavyoinama. Oti mwitu nayo huinama, lakini kila kijisuke chake kina mbegu mbili au tatu tu, zenye ndevu nyeusi zilizopinda katikati kama kiwiko. Kijisuke cha bromu kina mbegu nyingi zilizopangwa pande mbili, na ndevu zake ni nyembamba na karibu kunyooka.

La kufanya

Kwanza, panda mbegu safi. Mbegu ya bromu ni nyembamba na nyepesi, basi hupepetwa ikatengwa na ngano. Pili, mashine ya kuvunia isafishwe kabla ya kuingia shambani, maana hubeba mbegu kutoka shamba la jirani. Tatu, miche michache ing'olewe kabla haijazaa. Nne, shamba lililovamiwa lilimwe kwa plau hadi chini sana, mbegu zizikwe zishindwe kuchomoza. Na msimu ufuatao pandwe viazi, njegere au maharagwe, ambamo nyasi hii haiwezi kujificha.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mkulima atembee shambani mwake mapema, ala ya jani mkononi, kabla mgeni huyu hajavaa nguo ya ngano hadi siku ya mavuno.