Kuku Anayekula Huku Akikonda
Kwa wafugaji wa nyumbani, Walukuba na Masese, Jinja

Manyoya huficha mengi. Mtetea anaweza kukonda wiki kadhaa huku mwenyewe akimwona mnene, mpaka asubuhi moja anamkuta amekufa bandani. Hapo jirani husingiziwa sumu. Mara nyingi jirani hana kosa: kuku aliugua siku nyingi, na hakuna aliyemshika.

Basi mshike. Jioni, kuku wakishaingia bandani, pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Mwenye afya ana nyama pande zote mbili. Aliyekonda, mfupa unachoma vidole. Papasa na gole. Likiwa bado limejaa alfajiri, chakula hakishuki. Likiwa linajaa kila jioni na kidari bado ni kikavu, kwa kuku wa kienyeji anayechakura nje mshukiwa wa kwanza ni minyoo.

Nyumba za Walukuba zilijengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Hakuna aliyewafikiria kuku. Ua ni mdogo, na kuku wa nyumba kadhaa huchakura udongo uleule, ambamo mayai ya minyoo ya mviringo hukaa hai kwa miezi. Tegu huja kwa njia nyingine: kuku humeza sisimizi, mbawakawa au nzi aliyebeba kiluwiluwi chake. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, kwa sababu piperazini huua minyoo mikubwa ya mviringo lakini tegu haimgusi. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye kinyesi, mweleze muuza dawa hivyo hivyo, na uulize ni siku ngapi baada ya dawa mayai hayafai kuliwa.

Kilemba kikipauka, ingia bandani usiku na tochi ukague nyufa za mbao: utitiri hunyonya damu gizani. Pumba au dagaa (mukene) wenye ukungu usiwape. Sumukuvu huharibu ini. Yako pia maradhi yasiyo na dawa, kama Mareki, kifua kikuu cha ndege na uvimbe wa tumboni. Kwa hayo, kumwaga antibiotiki kwenye maji ni hasara tupu.

Akifa mmoja aliyekonda, mtie kwenye mfuko wa plastiki, mweke kivulini, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ampasue, maana joto huharibu ushahidi upesi. Ini na matumbo yataeleza kilichomuua, na waliobaki watapata dawa inayowafaa. Asiliwe. Kwa Mwislamu ni nyamafu na mjadala umekwisha. Kwa wengine pia, nyama hiyo inaweza kuwa na vijidudu au mabaki ya dawa.

Wakifa kadhaa ndani ya siku mbili tatu wakiwa bado wana nyama, hilo ni jambo jingine. Huenda ni kideri, ambacho hakina tiba; kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Au ni mafua ya ndege, yaliyothibitishwa Uganda Januari 2017 kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na kwa kuku na bata wa Masaka. Ziwa hilo ndilo letu. Waliokufa usiwapasue wala usiwanyonyoe, na waliobaki usiwakimbize sokoni. Wafungie, nawa mikono kwa sabuni, kisha mwite afisa mifugo.