Kikombe na Kisahani: Kufasiri Tofauti za Macho Mawili katika Uchunguzi wa Glakoma

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi tofauti baina ya jicho la kulia na la kushoto inavyofasiriwa katika uchunguzi wa glakoma, maradhi ambayo wengi wetu huyaita presha ya macho. Jina hilo, kwa maoni yangu, linapotosha. Wapo wagonjwa ambao presha ya macho yao haivuki milimita 21 za zebaki, ambayo huhesabiwa kuwa kikomo cha kawaida, ilhali neva inazidi kufa. Ndiyo maana daktari hulazimika kuitazama neva yenyewe.

Nyuma ya jicho, pale ambapo nyuzi za neva zipatazo milioni moja hukusanyika zikielekea ubongoni, huonekana duara. Duara hilo tuliite kisahani. Katikati yake mna kishimo, yaani kikombe. Eneo linalosalia baina ya viwili hivi ni ukingo, na humo ndimo zipitamo nyuzi. Glakoma huziua nyuzi hizo, ukingo ukakonda na kikombe kikapanuka.

Kipenyo cha wima cha kikombe hulinganishwa na cha kisahani. Kwa kawaida uwiano wa macho mawili hukaribiana, na tofauti inayozidi 0.2 huzua shaka. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme jicho la kulia lina 0.3 na la kushoto 0.6. Je, la kushoto ni gonjwa? Iwapo kisahani cha kulia kina milimita 1.5 na cha kushoto 2.0, huenda yakawa maumbile tu, kwani nyuzi zimetandazwa penye nafasi kubwa zaidi. Visahani vikiwa sawa, tofauti iyo hiyo inatisha. Aidha, kikombe cha 0.5 katika kisahani kidogo chaweza kuficha maradhi.

Basi ukubwa wa visahani hupimwa kwanza, kisha ukingo ukaguliwe. Aghalabu ukingo wa chini ndio mnene zaidi, ukifuatwa na wa juu. Pengo katika sehemu hizo, au tone la damu ukingoni, lina uzito kuliko tarakimu. Wala usawa si ithibati ya uzima, maana macho yote mawili yaweza kuathirika kwa kiasi kimoja. Nyuzi zilizokufa hazifufuki; matone, leza na upasuaji hushusha presha ili zilizosalia zidumu.