MAUMIVU YA KOO NA MOYO WA MWANAFUNZI

Ndugu msomaji, ukitajiwa baridi yabisi, bila shaka utamkumbuka nyanya akijikanda magoti jioni. Ni kweli, iko baridi yabisi ya wazee. Lakini iko nyingine, homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa kati ya miaka 5 na 15. Hii huanzia mahali pasipotiliwa maanani na wengi wetu: kooni. Katika makala haya nitaeleza jinsi koo linavyoweza kuuponza moyo, na jinsi sisi tunaoishi mabwenini tunavyoweza kujikinga.

Chanzo chake

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi. Haya huja pamoja na mafua na kikohozi, na hupona yenyewe baada ya siku chache. Hata hivyo, kati ya watoto 10 wanaougua koo, takribani 2 au 3 huwa wameambukizwa bakteria aitwaye streptokoka. Huyu hana mzaha. Koo huanza kuuma ghafla, homa hupanda, kumeza mate huwa taabu, tezi za shingo huvimba, na pengine mafindofindo huwa na usaha mweupe. Mara nyingi kikohozi hakipo. Kwa kuwa si rahisi kuzitofautisha aina hizi mbili kwa macho, heri nesi atazame.

Mwili huunda askari wa kinga ili kupigana na bakteria huyo. Hapo ndipo penye balaa. Streptokoka ana sehemu zinazofanana na sehemu za mwili wetu. Kwa watoto wachache, wiki 2 hadi 4 baada ya koo kupona, askari hao humgeukia mwenye mwili. Ni kama umati unaomfukuza mwizi mwenye shati jekundu: mwizi akishatoroka, kila mpita njia mwenye shati jekundu anapigwa!

Dalili

Dalili ya mvua ni mawingu. Homa hurudi. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma. Maumivu yakitulia hapa, huhamia pale. Wengine huhema wakitembea kidogo tu. Wengine nao, pengine baada ya miezi kadhaa, mikono na uso huchezacheza bila wao kutaka. Mwandiko huharibika ghafla na vikombe huwaponyoka. Mwanafunzi kama huyo hukaripiwa ati ni mtundu, au husemwa karogwa. Walimu wetu, tafadhali mpelekeni hospitali kwanza.

Viungo hupona. Moyo je? Moyo una vali 4, yaani milango inayoiruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Homa hii ikirudi mara kwa mara, vali hupata makovu. Nyingine hukazana zisifunguke vyema, nyingine huvuja. Mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kujua lolote, kisha akashindwa kupanda mlima mdogo, au msichana akahatarisha maisha yake atakapokuwa mja mzito. Vali zikiharibika sana hubaki upasuaji, ambao hufanywa katika hospitali chache, kama vile Kenyatta ya Nairobi na Tenwek ya Bomet. Gharama yake si mchezo.

Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe huzibwa kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu: penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka wa 1928. Basi tuzingatie haya:

(a) Koo likiuma pamoja na homa, nenda kwa nesi mapema. Hata ukianza dawa ndani ya siku 9, bado unaweza kuizuia homa ya baridi yabisi.

(b) Ukipewa vidonge vya siku 10, vimalize vyote. Usiache siku ya tatu eti umepata nafuu, wala usimgawie rafiki. Kama penisilini hukudhuru, sema kabla ya kutibiwa.

(c) Maji ya chumvi na ndimu hutuliza koo tu, hayamwui bakteria. Kukata kimio nako hakutibu, bali huweza kuleta kutokwa na damu na maambukizo.

(d) Aliyewahi kuugua homa hii hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Mwenzetu akiomba ruhusa ya kwenda kudungwa, tusimcheke. Sindano hiyo ndiyo ngao ya moyo wake.

(e) Bakteria huyu hupenda msongamano. Tufungue madirisha ya bweni, tufunike midomo tukikohoa, na kila mtu awe na kikombe chake.

Huko Ulaya ugonjwa huu umekuwa adimu tangu watu walipopata makao yasiyosongamana na penisilini. Mnamo Mei 2018, mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalikubaliana kuupiga vita kote duniani. Vita hivyo vyaweza kuanzia hapa bwenini petu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mdharau koo huenda akaja kuujutia moyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwili hujishambulia wenyewe?
2. Taja dalili mbili za homa hii ambazo mwalimu anaweza kuziona darasani.
3. Rafiki yako ameacha vidonge siku ya tatu. Utamshauri nini?