Nasaha kwa Mkulima Anayeuza Trekta Lililotumika

Biashara haigombi, walisema wazee wetu. Walakini mkulima aliyepata kulisimamisha trekta lake uani, huku mnunuzi akilizunguka, akiyapiga teke magurudumu na kutikisa kichwa kwa kila akionacho, anajua jinsi subira inavyoweza kumwishia mtu kabla ya adhuhuri. Wanunuzi wa namna hiyo ni wa aina nne, na kila mmoja ana njia yake ya kumkabili.

1. Mwenye shaka
Shaka ya mnunuzi si uadui. Mwaka 1947 Mpango wa Karanga wa Kongwa, mradi wa kilimo wa zama za ukoloni, ulianza kwa matrekta yaliyokwisha kutumika, mengi yao mabaki ya vita yaliyotoka Ufilipino, na haukupita muda mrefu sehemu kubwa ikawa imelala kwa ubovu. Basi ikiwa mradi wa serikali ya Uingereza ulifikwa na hayo, mwenye ekari kumi ataachaje kuogopa? Mwache aje alfajiri, injini ingali baridi, aiwashe mwenyewe, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto huficha uzito wake wa kuwaka. Kisha alime mistari michache, nawe umtajie kila ila kabla hajaigundua, iwe ni klachi inayoteleza, haidroliki isiyoshikilia jembe, au moshi wa buluu, ambao ni dalili ya oili kuungua ndani ya injini.

2. Mwenye kuvunja bei
Ulizia kwanza bei za matrekta ya umri na hali kama ya lako, ujiwekee moyoni kima usichokishuka. Akilitweza trekta, usiape wala usikasirike. Mwulize kipuri anachokilalamikia chauzwaje dukani, mpunguze kwa kadiri hiyo, na akitaka zaidi mwage kwa hisani.

3. Mwenye ahadi
Huyu husifu sana na kulipa kidogo. Pokea arbuni kwa hati, lakini trekta na kadi yake visitoke mkononi mwako mpaka fedha yote iingie. Wala usitosheke na ujumbe anaokuonyesha katika simu yake, bali tazama salio lako mwenyewe.

4. Mwenye kurudi
Huyu hurudi na malalamiko baada ya kununua, na kinga yako ni maandishi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni namba ya injini na ya chasisi, bei, arbuni, siku ya kumaliza deni, ila zote zilizotajwa, na kwamba mnunuzi alikagua na kulijaribu trekta. Mtie saini mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, haimpi mnunuzi aliyekagua mali dai la ubora juu ya ila ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifichua; lakini muuzaji aliyedanganya kwa makusudi asitaraji kujificha nyuma ya hati hiyo.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujamwita mnunuzi, keti na fundi wako, uziandike ila za trekta lako zote katika karatasi moja. Kisha karatasi hiyo iwe ya kwanza kumwonyesha mgeni wako.