Usiuze mota peke yake, uliza kwanza propela na betri

Leo naongea na sisi tunaouza mtandaoni boti za kuchezea za rimoti na spea zake. Najua kuna watakaocheka: boti za rimoti, Usevya? Wateja wapo jamani. Kuna vijana wa ufundi, walimu wenye klabu za sayansi, na wazazi wa Mpanda na Sumbawanga wanaotafuta kitu cha kumtoa mtoto kwenye simu. Unapiga picha nzuri, unaweka status, wanauliza bei.

Sasa nikuambie nilivyoungua. Mwalimu mmoja aliniagiza propela ya milimita 45 ili boti yake "ikimbie zaidi". Iliyokuwepo ilikuwa ya milimita 30. Sikuuliza kitu, nikafunga mzigo, nikapokea hela. Siku ya kuwaonyesha wanafunzi, boti ilienda dakika mbili tu, moshi ukatoka. Akanipigia: "Kaka, mota imeungua." Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma. Nilimpa mota nyingine kwa gharama yangu. Faida ya mwezi ule ikaishia hapo.

Kosa lilikuwa langu. Ukitaka propela izunguke kwa kasi ileile, nguvu inayohitajika inapanda kwa kipenyo kujizidisha mara tano. Kutoka 30 hadi 45 ni mara 1.5. Izidishe yenyewe mara tano, unapata zaidi ya 7. Yaani mota iliombwa kazi ya mota saba! Haiwezi, kwa hiyo inazunguka taratibu, inavuta ampea nyingi na kupata moto. Mteja akitaka propela kubwa, mpandishe milimita chache tu, halafu apime.

Kwa mota zisizo na brashi utaona namba ya KV. Hiyo si kilovolti. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. KV 2000 kwa betri ya volti 7.4 ni mizunguko 14,800. Mteja akibadili betri akaweka ya volti 11.1, inakuwa 22,200, na propela ileile sasa inadai nguvu zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "nitumie betri kubwa kidogo", namwambia anitumie kwanza picha ya mota na propela yake.

Kwenye betri ndiko tunakopigwa zaidi. Zile za duara za 18650 utaona zimeandikwa mAh 9900. Uongo mtupu. Hata zilizo bora, za kawaida huishia karibu 3500. Nunua mzani mdogo wa jikoni: betri nzima ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukikuta ya gramu 25 au 30, usiweke picha yake kwenye ukurasa wako, hata kama umeuziwa kwa bei ya kutupa. Mteja atakurudia tu.

Muda wa kucheza usiukisie. Betri ya mAh 2200 ni ampea 2.2 kwa saa. Boti ikivuta ampea 10, hiyo ni dakika 13, na mwambie mteja atoe boti majini ikifika 10, maana betri ya lithiamu ikishuka chini ya volti 3 kwa kila seli inaharibika. Mimi naandika "dakika 10" kwenye tangazo. Jirani yangu anaandika nusu saa, na simu za lawama anapokea yeye.

Kabla ya kufunga mzigo najaribu ndani ya karai la maji, siyo hewani. Hewani kila mota ni nzuri. Naishika boti isiende, nafungua rimoti nusu, nasoma ampea kwenye mita (mita nyingi za kawaida mwisho ni ampea 10, ukizidisha unaunguza fyuzi yake). Baada ya dakika moja nagusa mota. Kidole kikishindwa kukaa, propela ni kubwa mno. Video ya jaribio hilo namtumia mteja, na tangu nianze, maswali ya "itafanya kazi kweli?" yamepungua sana. Karai linatosha, msinifuate kwenye mto Katuma. Kule kuna viboko.

Kwenye basi betri nazituma zikiwa na chaji nusu, kama volti 3.8 kwa seli, kila waya umefungwa tepu peke yake, na boksi halikai juu ya injini. Namwomba kondakta mwenyewe, na namba ya basi namtumia mteja kabla halijaondoka.