Uchawi au Uganga?

SWALI: Nimesoma riwaya ya Tomi Adeyemi, Children of Blood and Bone, nami nataka kuwasimulia wanangu kwa Kiswahili. Ile nguvu inayorejea niiite uchawi?

JIBU: La, ndugu yangu, kwani uchawi kwetu ni jina la husuda na dhara litendwalo usiku, ilhali katika riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 2018, nguvu hiyo ni amana ya miungu kwa kaumu iliyodhulumiwa, na maneno ya kuiita hunenwa kwa Kiyoruba, lugha ya wazee wake mwandishi. Neno uchawi lamstahiki Mfalme Saran, aliyewaua wenye nguvu hiyo, mamake Zélie, shujaa wa riwaya, akiwa miongoni mwao. Liweke kinywani mwake, na kinywani mwa Zélie weka uganga, nao wanao watautambua uhasama kabla hujawaeleza. Ama Inan, mwana wa mfalme, ndiye atakayekutaabisha: aonapo shungi la nywele nyeupe limechomoza kichwani mwake, alama ya wale aliolelewa kuwachukia, akalificha kwa hofu, atatamka lipi? Mimi ningemwacha aanze kusema uchawi, kisha sauti imkwame.