KUPIMA TAKATAKA NDIYO NJIA YA KUZIPUNGUZA

Haba na haba hujaza kibaba, na takataka nazo ni vivyo hivyo. Maganda ya viazi ya nyumba moja si kitu, lakini maganda ya mji mzima ni mlima. Eldoret, mji uliochipuka katika shamba namba 64, ulihesabiwa kuwa na watu 475,716 mwaka 2019, na mwaka 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Tukisema, kwa mfano tu, kwamba kila mtu hutupa gramu 400 kwa siku, basi jumla ni tani 190 kila siku. Lori lichukualo tani 7 litahitaji safari 28 ili kuziondoa. Zisizoondolewa huziba mitaro, na mvua huzipeleka katika Mto Sosiani.

Je, nyumba yako hutupa kiasi gani? Huwezi kujua mpaka upime.

Kupima nyumbani

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, hufundisha kupima kwa siku 8. Taka za siku ya kwanza huondolewa bila kuhesabiwa, kwa kuwa huenda zimechanganyika na za siku zilizopita. Siku 7 zinazofuata hupimwa zote, maana taka za siku ya soko si sawa na za siku ya mapumziko.

Chukua mizani na ndoo tatu. Ya kwanza ni ya vitu vinavyooza, kama maganda na mabaki ya chakula. Ya pili ni ya karatasi, chupa, makopo na plastiki. Ya tatu ni ya vinavyobaki. Kila jioni pima, toa uzito wa ndoo yenyewe, kisha andika.

Tuseme nyumba ya watu 5 imepata kilo 14 kwa siku 7. Gawanya kwa 7, utapata kilo 2 kwa siku. Gawanya tena kwa 5, utapata gramu 400 kwa kila mtu. Sasa tazama ndani ya hesabu hiyo. Ikiwa kilo 9 kati ya zile 14 ni vitu vinavyooza, umekwisha kujua pa kuanzia.

Kupima hotelini

Mwenye hoteli apime mabaki yanayorudi mezani mbali na yale ya jikoni. Akiuza sahani 100 na kutupa kilo 6 za mabaki ya mezani, kila sahani imepoteza gramu 60. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 156. Chakula hicho alikinunua, akakipika kwa makaa ya fedha, kisha akalipa kiondolewe. Dawa yake ni kupakua kidogo na kumwongeza anayetaka.

Kupunguza

Mkulima wa Uasin Gishu hununua mbolea kila msimu, na huku magari yanapeleka jalalani vitu viwezavyo kuwa mboji. Vikifukiwa jalalani bila hewa, huoza na kutoa gesi iwezayo kushika moto. Vikipata hewa na unyevu, huwa mbolea.

Tandika mabua makavu ya mahindi, juu yake weka maganda, kisha udongo kidogo. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kimo cha mita moja. Usitie nyama wala mafuta, maana huleta panya. Funika lisilowe sana kwa mvua, na ligeuze kila baada ya majuma mawili. Kwa kuwa nyanda hizi zina baridi, subiri miezi mitatu au zaidi.

Asiye na shamba naye ana kazi ya kufanya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka yaagiza vitu vinavyooza vitengwe na visivyooza. Chupa safi ina mnunuzi. Iliyochafuliwa na mabaki ya mboga haina.

Baada ya mwezi mmoja, pima tena kwa siku 7 na kulinganisha. Hapo ndipo utakapojua kama umepunguza kweli au umedhani tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.